UZI: Gray (Gy) kwenye kadi ya mionzi ni nini, na kwa nini mama yako kaandikiwa 50 na baba wa mwenzako 8?

#1 mtu_wa_mionzi (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Uzi huu nauandika kwa ajili ya mnaosindikiza wagonjwa wa saratani kwenye mionzi. Kazi yangu ni fizikia tiba. Sisi ndio tunaopima mashine asubuhi kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, na daktari akishaandika dozi, sisi ndio tunaokokotoa mashine iwake kwa muda gani na ipige kutokea upande gani. Mgonjwa anaweza kumaliza tiba yake yote bila kutuona sura, ila ile namba iliyo kwenye kadi yake tunaifahamu vizuri.

Na namba hiyo ndiyo inayoleta maneno. Koridoni watu hufungua mafaili wakalinganisha. Huyu mama yake kaandikiwa 50 Gy, yule baba yake 8 Gy. Mwenye 8 anaingiwa na simanzi, anaona mzee wake kakatiwa tamaa, au kapunjwa kwa kuwa hana bima. Mwenye 50 anaogopa mama ataungua. Wote wawili wanaamini kwamba namba kubwa ni dawa nyingi na namba ndogo ni dawa kidogo. Sivyo ilivyo, na imani hiyo inawafanya watu wakatize tiba ambayo ingewaponya. Ndiyo maana naandika kwa urefu, mnivumilie.

Gy ni kifupi cha gray. Haina uhusiano na rangi ya kijivu; ni jina la mtu. Louis Harold Gray alizaliwa London mwaka 1905, akasomea fizikia Cambridge na kufanya utafiti katika maabara ya Cavendish, enzi za mwanafizikia Rutherford. Mwaka 1933 akaondoka kwenye maabara ile iliyokuwa kilele cha fizikia duniani akaenda kufanya kazi katika hospitali ya Mount Vernon, pembezoni mwa London, kati ya wagonjwa wa saratani. Kipimo cha mionzi cha wakati ule, röntgen, kilieleza mionzi imefanya nini kwenye hewa. Mgonjwa si hewa. Gray akang'ang'ania swali ambalo ndilo linalomhusu mgonjwa: mwili wenyewe umepokea nishati kiasi gani?

Mwaka 1936 alichapisha kanuni ambayo hadi leo tunaiita ya Bragg na Gray. Weka kitundu kidogo chenye hewa ndani ya kitu kizito, pima chaji ya umeme inayozalishwa na mionzi kwenye hewa ile, kisha kwa hesabu utajua kile kitu kinachozunguka kitundu kimepokea nishati kiasi gani. Kifaa ninachokizamisha kwenye tangi la maji ninapohakiki mashine kimejengwa juu ya wazo hilo. Maji tunayatumia kwa sababu mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji.

Gray alifariki mwaka 1965. Miaka 10 baadaye, mwaka 1975, mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo ukakipa kipimo hiki jina lake. Gray moja ni jouli moja ya nishati iliyofyonzwa na kilo moja ya mwili. Kabla ya hapo watu walitumia rad, na gray moja ni rad 100. Kuna kadi zinazoandikwa kwa cGy, yaani sehemu ya mia ya gray. Kwa hiyo ukiona 5000 cGy kwenye kadi ya mama usishtuke, ni 50 Gy zilezile, na 200 cGy ni 2 Gy.

Sasa wale wawili wa koridoni. Mama ana saratani ya shingo ya kizazi. Zile 50 hapewi siku moja. Anapewa 2 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, mara 25, wiki tano. Juu yake huongezewa mionzi ya ndani, ambapo chanzo kidogo cha mionzi huingizwa hadi karibu kabisa na uvimbe, mara nyingi kwa dozi kama 7 kila mara, kwa mara kadhaa. Lengo ni kumponya.

Baba ana saratani ya tezi dume iliyokwishasambaa kwenye mifupa, na mgongo unamnyima usingizi. Anapewa 8 mara moja, anarudi nyumbani. Lengo ni kumwondolea maumivu. Tafiti nyingi zimelinganisha 8 ya mara moja na 30 inayogawanywa mara 10, na nafuu ya maumivu imekuwa ileile. Tofauti ni kwamba waliopata 8 hurudi kuongezewa mara nyingi zaidi baadaye. Kwa mzee aliyetoka Kigoma kwa basi, ambaye kulala kitandani tu ni mateso, kumaliza siku moja badala ya wiki mbili ni huruma na ni utaalamu. Hakupunjwa.

Tena 8 ya mara moja si sawa na 8 ya siku nne. Seli ikipigwa inaanza kujitibu papo hapo, na ndani ya saa kama 6 seli nzima za mwili, yaani zisizo na saratani, zinakuwa zimeziba sehemu kubwa ya majeraha yake. Ukigawa dozi unazipa nafasi hiyo kila siku. Ukitoa kwa mkupuo unaziondolea. Kwa hiyo 8 za mkupuo zina nguvu kuliko 8 zilizogawanywa, ingawa jouli ni zilezile.

Na kuna suala la mahali. Gray 8 kwenye pingili moja ya mgongo ni tiba. Gray 8 kwa mwili mzima kwa mara moja ni jambo jingine kabisa. Kwenye ajali ya kiwanda cha nyuklia cha Chernobyl, 1986, wafanyakazi na zimamoto 134 waliugua ugonjwa wa mionzi na 28 walifariki miezi ile ya mwanzo. Kati ya 21 waliopokea zaidi ya gray 6 mwili mzima, 20 walifariki. Namba inafanana, habari tofauti.

Kwa hiyo ukiona namba kwenye kadi, mwulize daktari au mtaalamu wa mashine: kwa mara ngapi? Sehemu gani? Lengo ni kuponya au kutuliza? Una haki ya kujibiwa, na hakuna anayekuona msumbufu ukiuliza.

Nipo hapa, ulizeni.

---

#2 Bi_Mkubwa_Tanga

Asante mwanangu kwa maelezo. Mimi mwenyewe nimeandikiwa mionzi ya titi, naanza mwezi ujao. Wenzangu wananiambia unachomwa hadi nyama inaiva ndani. Naomba ukweli, usinifiche. Na mimi nimeandikiwa 40, mara 15. Mbona yule wa kwanza umesema 50?

---

#3 mtu_wa_mionzi

Shikamoo mama. Pole sana, na nashukuru umeuliza kabla hujaanza.

Joto halipo. Tuchukue dozi ya kutisha kabisa, gray 4 mwili mzima kwa mara moja, ambayo bila matibabu huua karibu nusu ya watu. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni jouli 240. Kijiko kimoja cha chai ya moto unachokunywa kinauingizia mwili wako joto zaidi ya hilo. Mwili ungepanda joto kwa takriban sehemu moja ya elfu ya nyuzi. Kwa hiyo hakuna nyama inayoiva.

Mionzi inaumiza seli kwa njia nyingine. Nishati yake inatua kwa vishindo vidogo vidogo, na baadhi inatua kwenye DNA, ule uzi wa vinasaba unaoiamuru seli igawanyike. Kwa gray moja, kila seli inapata mikatiko kama 1,000 ya upande mmoja wa uzi na kama 40 ya pande zote mbili. Ile ya upande mmoja hushonwa kirahisi. Ya pande zote mbili ndiyo inayoua, na seli nyingi za saratani ni mafundi wabovu wa kuishona. Seli iliyoshindwa haifi palepale, inakufa inapojaribu kugawanyika. Ndiyo maana ngozi yako itaanza kuwa nyeusi na kuwasha wiki ya pili au ya tatu, si siku ya kwanza, na ndiyo maana uvimbe unaendelea kunywea hata baada ya kumaliza.

Ngozi ya titi itabadilika, sitakuficha. Itakuwa nyeusi, inaweza kukauka na kubabuka kidogo, hasa kwenye mkunjo wa chini na kwapani. Pia utachoka. Kwa walio wengi ngozi hupona wiki chache baada ya kumaliza. Usipake dawa yoyote, hata mafuta ya nazi, kabla ya kuwauliza wahudumu wako, na zile alama walizokuchora usizifute maana ndizo mashine inazolengea.

Kuhusu 40 kwa mara 15: unapewa karibu 2.7 kila siku badala ya 2, ndiyo maana jumla inashuka. Uingereza walilinganisha mipango hii kwa maelfu ya wanawake, na 40 kwa wiki tatu ikaonekana inafaa sawa na 50 kwa wiki tano. Mwaka 2020 wakachapisha utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,000 uliofika mbali zaidi: 26 kwa mara 5, wiki moja tu, na baada ya miaka mitano saratani ilikuwa imedhibitiwa vilevile. Kwa nchi ambayo mtu analala wiki nzima nyumba ya kulala wageni akisubiri tiba yake, matokeo hayo yana maana kubwa sana kwetu. Ila ni ya titi. Mtu asiyachukue akayapeleka kwenye saratani ya koo.

Mungu akujalie mama. Rudi utueleze unaendeleaje.

---

#4 Mstaafu_Mifugo

Uzi mzuri. Niongezee kidogo, maana sisi watu wa mifugo gray tuliijua kupitia mbung'o.

Unguja ng'ombe walikuwa wanakufa kwa nagana inayoenezwa na mbung'o. Kituo cha utafiti wa mbung'o pale Tanga kikawazalisha kwa wingi, madume yakapigwa mionzi ya gamma kwa dozi ya kuyafanya tasa bila kuyaua, kisha yakamwagwa kwa ndege kisiwani kuanzia mwaka 1994. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, kwa hiyo likikutana na dume tasa ndiyo basi. Walimwagwa zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa haina mbung'o. Vijana wengi wa leo hawalijui hili, na lilifanyikia hapa kwetu.

Swali langu: mdudu yule anapigwa gray nyingi mara kadhaa ya zile zinazomuua binadamu, naye anaruka zake. Kwa nini?

---

#5 mtu_wa_mionzi

Shikamoo mzee wangu, nimefurahi kusoma hili. Kila nikifundisha vijana nawatajia Unguja.

Jibu liko kwenye kugawanyika kwa seli. Mdudu mzima aliyekwishatoka kwenye buu seli zake nyingi zimeacha kugawanyika. Mionzi inazikata DNA, lakini seli isiyogawanyika haina wakati wa kugundua imekatwa. Zinazoendelea kugawanyika ni za uzazi, basi hizo ndizo zinazokwisha. Kwa binadamu ni hivyohivyo: uboho unaotengeneza damu, utumbo, vinyweleo na viungo vya uzazi vinaumia kwa dozi ndogo kuliko misuli. Korodani zikipata hata gray 0.15 tu mbegu zinaweza kupungua kwa muda. Vijana wanaotarajia mionzi ya nyonga waulize habari ya kuhifadhi mbegu kabla ya kuanza.

Na kwa vile umetaja dozi kubwa: glavu za upasuaji na mabomba ya sindano, mengi huuliwa vijidudu kwa mionzi ya gamma yakiwa ndani ya pakiti zake. Dozi iliyozoeleka ni gray 25,000. Na hayabaki na mionzi hata chembe, unayafungua na kuyatumia kwenye mwili wa mtu.

Nalisema hili makusudi. Kuna familia zinamtenga mgonjwa. Mama anatoka kwenye mashine, akifika nyumbani hapewi mjukuu wake ampakate, sahani yake inatengwa, wanasema ana mionzi. Mgonjwa wa mionzi ya nje hana mionzi anapotoka chumbani. Wa mionzi ya ndani ya shingo ya kizazi, chanzo kikishatolewa, hana pia. Anayepewa masharti ya kukaa mbali na watoto kwa siku chache ni kama yule aliyenyweshwa iodini yenye mionzi kwa ajili ya tezi ya shingo, na huyo hospitali yenyewe itamwambia. Hao wa mionzi ya nje na wa shingo ya kizazi, wapeni wajukuu wao.

---

#6 dogo_wa_maabara

Mkuu, mimi niko kitengo cha eksirei. Beji ya kupimia mionzi ninayovaa inasomwa kwa millisievert, siyo gray. Mgonjwa naye akiniuliza amepata gray ngapi kwenye picha ya kifua nababaika. Tofauti ni nini kwa lugha rahisi?

---

#7 mtu_wa_mionzi

Gray inahesabu nishati iliyotua, basi. Haijali ni mionzi ya aina gani wala imetua kwenye kiungo gani. Sievert, iliyokubaliwa mwaka 1979 na kupewa jina la Rolf Sievert wa Sweden, inakadiria hatari ya baadaye, hasa ya kupata saratani. Kwa hiyo inaongeza uzito: chembe za alfa, aina mojawapo ya mionzi, zinahesabiwa mara 20 ya eksirei kwa gray ileile, na viungo navyo vina uzito tofauti. Wewe unayevaa beji tunataka kujua hatari inayojikusanya mwaka hadi mwaka, ndiyo maana sievert. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa millisievert 20 kwa mwaka. Mgonjwa wa tiba tunataka kuua uvimbe ulio mahali fulani, kwake sievert haitusaidii.

Picha ya kifua ni takriban sehemu moja ya kumi ya milligray, na milligray ni sehemu ya elfu ya gray. CT ya tumbo ni milligray 10 hivi hadi 20. Fikiria basi: dozi ya siku moja ya tiba, gray 2, ni kama picha za kifua 20,000 kwa sehemu ile inayolengwa. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini tunamfunga mgonjwa wa kichwa na shingo kwa kile kifuniko cha plastiki cha usoni, na kwa nini tunagombana kwa ajili ya milimita. Uti wa mgongo unavumilia kama 45 hadi 50 zikigawanywa kwa 2 kila siku, huku uvimbe wa koo ulio karibu nao unahitaji 70. Tezi za mate zikizidi wastani wa 26 mdomo unaweza kukauka kwa muda mrefu sana. Mpango mzuri ni ule unaopitisha 70 pale na kuiacha tezi ya mate ya upande wa pili chini ya 26. Kazi yetu kubwa iko hapo, kwenye milimita hizo.

---

#8 Nyota_ya_Songea

Kaka naomba msaada wako. Shangazi yangu ana saratani ya shingo ya kizazi, aliandikiwa mara 25. Alipofika ya 15 damu ilikuwa imekata kabisa, harufu imeisha, anakula vizuri. Akasema nimepona, akarudi nyumbani kwa ajili ya mavuno na pia hela ya kukaa Dar ilikuwa imekwisha. Hii ni wiki ya pili yuko shambani. Mjomba anasema akirudi wataanza upya wamuunguze. Tufanye nini?

---

#9 mtu_wa_mionzi

Dada, mpandisheni basi kesho. Namaanisha kesho. Nitaeleza sababu, lakini safari isisubiri maelezo yangu.

Mara 15 ni gray 30. Damu kukata kwenye 20 hadi 30 ni jambo la kawaida sana, na mgonjwa anapata nafuu ya kweli, hasemi uongo. Mishipa midogo ya uvimbe imeziba na uso wake umekauka. Lakini ndani bado kuna mamilioni ya seli hai. Kila dozi ya gray 2 inaua sehemu tu ya zilizobaki, tuseme karibu nusu. Ya kesho inaua nusu ya zilizosalia, ya keshokutwa nusu ya hizo. Uvimbe unaweza kuwa hauonekani kwa macho wala kwa mkono na bado ukawa na seli za kutosha kuurudisha wote. Mara 10 za mwisho pamoja na mionzi ya ndani ndizo zinazofuata hizo zilizosalia. Nafuu na kupona hapa ni vitu viwili.

Tena kuna hatari nyingine. Wiki kama ya nne tangu tiba ianze, seli za saratani zilizonusurika huanza kuzaana kwa kasi kuliko mwanzo. Kila siku anayokaa shambani zinajaza pengo. Kwa saratani ya shingo ya kizazi tunataka tiba yote, ya nje na ya ndani, imalizike ndani ya wiki 8. Ikipita hapo, kila siku moja inayoongezeka inapunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa karibu asilimia 1. Wiki mbili si jambo dogo.

Kuhusu mjomba: hawataanza upya. Zile 30 zimeshafanya kazi yake mwilini, haziwezi kurudiwa kana kwamba hazikuwapo. Daktari na mwanafizikia watakaa wapige hesabu ya siku zilizopotea, waone kama waongeze mara mbili tatu, au waisogeze mionzi ya ndani karibu. Hakuna atakayemgombeza, na kama yuko wa kumgombeza mwambie aje tuzungumze. Nimeona wengi wanaoogopa kurudi kwa aibu tu, siku zinazidi.

Hela: mkifika, kabla ya kitu kingine ombeni kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Mwelezeni hali bila kuona haya. Ulizeni pia kama kuna hosteli ya wagonjwa wa kutoka mikoani, au taasisi inayosaidia malazi. Watu wengi wanaishia nusu ya tiba kwa sababu ya nauli na chumba, wala si kwa ukaidi. Serikali ikilipia mashine bila kufikiria mgonjwa wa Songea atalala wapi kwa wiki sita, gray nyingi zitaendelea kuandikwa kwenye kadi bila kumfikia mwenye kadi.

Halafu waambieni wampime damu. Wakisema iko chini aongezewe kwanza, msione ni kucheleweshwa. Hapa tunarudi kwa Gray yuleyule. Mwaka 1953 yeye na wenzake walichapisha utafiti ulioonesha kwamba oksijeni iliyomo kwenye tishu wakati wa kupigwa mionzi inabadilisha matokeo kabisa. Seli iliyokosa oksijeni inahitaji dozi mara 2.5 hadi 3 ili ife. Mwaka 1955, pamoja na mtafiti mwenzake Thomlinson, akaonesha kwamba ndani ya uvimbe wa mapafu seli zilizo mbali na mshipa wa damu, kiasi cha sehemu ya tano ya milimita tu, hufa kwa kukosa oksijeni, na jirani zao zilizobaki na oksijeni kidogo ndizo sugu. Shangazi aliyetoka damu kwa miezi amepungukiwa na kile kinachobeba oksijeni. Madaktari wengi hawapendi himoglobini iwe chini ya 10 wakati wa tiba. Chupa ya damu mnayomtafutia inazipa nguvu zile gray.

Niandikie mkifika.

---

#10 Nyota_ya_Songea

Nimempigia sasa hivi na nimemsomea uliyoandika. Amelia, lakini amekubali. Mdogo wangu anampeleka stendi alfajiri. Mungu akubariki kaka.

---

#11 Bi_Mkubwa_Tanga

Mwambie shangazi tupo wengi, tutaonana hukohuko kwenye foleni.

---

#12 mkulima_mbarali

Poleni wote. Mimi swali langu ni la upande wa pili. Mke wangu hakukosa hata siku moja, mashine ndiyo iliyokosa. Iliharibika wiki moja na siku mbili katikati ya tiba yake ya koo. Walipoitengeneza wakamwambia aje mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Nikahofu wanamzidishia ili kufidia makosa yao. Je, ni salama?

---

#13 mtu_wa_mionzi

Pole mkuu. Hofu yako ina msingi, na walichofanya ni sahihi kama waliacha nafasi ya kutosha kati ya asubuhi na jioni. Kanuni ni saa 6 kwa uchache, ule muda wa seli nzima kujitibu niliousema juu. Akipigwa saa 2 asubuhi, jioni isiwe kabla ya saa 8 mchana. Ukiona wanataka kumwita tena baada ya saa 3 au 4, uliza, tena uliza kwa sauti.

Wazo la kugawa lina historia ndefu. Paris, miaka ya 1920, Claudius Regaud alipiga mionzi korodani za kondoo dume. Kwa dozi moja kubwa hakuweza kumfanya kondoo tasa bila kuharibu vibaya ngozi ya nje. Alipoigawa kwa siku kadhaa, kondoo akawa tasa na ngozi ikasalimika. Regaud aliziona zile seli za uzazi zinazogawanyika haraka kama mfano wa saratani, na ngozi ni ngozi ya mgonjwa. Kutoka hapo dunia ikaacha kupiga kwa mkupuo kwa wagonjwa wa kuponywa. Mara mbili kwa siku yenye saa 6 katikati bado ni kugawa. Jumla yake haikuzidi, ila kalenda imebanwa ili imalizike karibu na tarehe ya awali. Wengine hutumia Jumamosi badala yake. Kwa saratani ya koo kubana hivyo ni muhimu mno, maana nako kila siku inayopotea inagharimu karibu asilimia 1.

Tarajia vidonda vya mdomoni vimzidie wiki zile. Mpeni uji laini wenye lishe, maziwa, mtindi, visivyo na pilipili wala ndimu, asukutue kwa maji yenye chumvi kidogo na magadi ya keki (baking soda), na uzito wake upimwe kila wiki. Akishindwa kumeza maji mrudisheni siku hiyohiyo.

Kuhusu mashine kuharibika, hilo linaniuma kama linavyokuuma. Uganda mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya nchi nzima, ya kobalti (metali inayotoa mionzi yenyewe), iliharibika moja kwa moja, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Fikiria wagonjwa waliokuwa katikati ya tiba wiki ile. Mashine ya kobalti ina tatizo lake lingine la kimyakimya: kobalti-60 hupungua nguvu kwa nusu kila miaka 5.27, takriban asilimia 1 kila mwezi. Sisi tunarekebisha muda ili mgonjwa apate gray zilezile, kwa hiyo dozi haipungui, lakini aliyekuwa analala mezani dakika mbili baada ya miaka mitano analala nne, na foleni inarefuka. Mashine za kisasa za umeme hazina shida hiyo, ila zinataka umeme usiokatika, kiyoyozi kinachofanya kazi na fundi aliye karibu.

Kwa mke wako, omba karatasi ya mwisho ya tiba yake. Iwe na jumla ya gray, idadi ya mara, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na sehemu iliyopigwa. Piga picha uitunze kwenye simu, na nakala abaki nayo yeye. Siku yoyote akihitaji mionzi tena, hospitali yoyote, swali la kwanza la mwanafizikia litakuwa uti wake wa mgongo ulishapokea gray ngapi.